Nia, hisi au kuingia ukiwa macho: njia ipi ya kuota ukijua unaota inakufaa?

Kuna swali moja linaloamua njia ipi itakufaa, nalo halihusu njia yenyewe: ukiamka saa tisa usiku, unachukua dakika ngapi kulala tena? Anayezama ndani ya dakika tano ana njia yake. Anayegeukageuka nusu saa ana yake. Na yule ambaye akishafumbua macho basi usingizi umekwisha, aachane kabisa na kengele ya usiku, hata yakisifiwa vipi matokeo yake.

Ndoto fahamu, kama tutakavyoiita hapa, ni ndoto ambayo ndani yake unajua kwamba unaota huku mwili bado umelala. Kujua si kutawala. Wengi hujua wanaota na bado wakashindwa kubadilisha hata rangi ya ukuta. Kwamba jambo hili ni la kweli, si mtu kujisimulia tu, lilithibitishwa maabara: Aprili 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, Keith Hearne alirekodi macho ya Alan Worsley yakienda kushoto na kulia kwa mpangilio waliokubaliana kabla ya kulala. Wakati wa ndoto misuli karibu yote hulegea kabisa, lakini ya macho haifungwi, kwa hiyo macho ndiyo yaliyobeba ujumbe. Mtafiti wa Marekani, Stephen LaBerge, alifikia hapo hapo kivyake katika Chuo Kikuu cha Stanford miaka michache baadaye. Mwaka 2021 maabara za Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi zilionyesha kwamba aliyelala anaweza hata kuulizwa hesabu ndogo na kuijibu kwa macho.

Kabla ya njia yoyote: kumbukumbu

Kama hukumbuki walau ndoto nne kwa wiki, usianze na njia yoyote kati ya zinazofuata. Sababu ni mbili. Unaweza kujitambua ndotoni na asubuhi usijue lolote. Pia njia iliyo bora kwa wengi hutumia ndoto uliyotoka kuota kama malighafi. Asiye na ndoto mkononi hana cha kufanyia kazi.

Kila mtu mzima mwenye usingizi wa kawaida huota kila usiku, akumbuke asikumbuke. Usingizi huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi, na mwishoni mwa kila mzunguko huja kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope. Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chicago walikieleza mwaka 1953, na kinajulikana kama REM. Mwanzoni mwa usiku REM ni dakika chache tu. Kuelekea alfajiri hufika nusu saa au zaidi. Ndiyo maana anayekata saa mbili za mwisho za usingizi wake hapotezi robo ya ndoto zake, bali sehemu kubwa zaidi. Dawa ya kwanza ya kusahau ndoto ni kulala mapema. Haisisimui kuisikia, lakini hakuna inayoishinda.

Ya pili ni namna ya kuamka. Wakati wa REM, noradrenalini, kemikali inayousaidia ubongo kushika mambo, hushuka mno. Ndoto imeandikwa kwa wino hafifu na inafutika kwa kitu kidogo tu. Kwa hiyo ukishtuka, usifumbue macho wala usigeuke. Jiulize: nilikuwa wapi sasa hivi? Ukipata kipande, rudi nyuma: kabla ya hapo nilikuwa na nani? Ndoto hufukuliwa kwa kinyumenyume, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Usipopata picha, tafuta hisia: umeamka na hofu, aibu, furaha? Hisia mara nyingi huvuta picha yake. Kisha geuka taratibu upande mwingine ambao huwa unalala, subiri tena nusu dakika. Mara nyingi kipande kingine huja na ulalo huo. Baada ya hapo ndipo uandike. Kosa linaloharibu asubuhi nyingi ni kufikiria ratiba ya siku kabla ya kujiuliza swali la kwanza. Ukishafikiria foleni ya daladala, ndoto imekwenda.

Chombo cha kuandikia nacho kina uzito wake.

Daftari linawafaa wengi. Tumia penseli, kwa sababu kalamu ya wino ukiielekeza juu huku umelala chali huacha kuandika. Gizani, weka kidole gumba cha mkono wa pili pembeni ya karatasi na ukishushe mstari kwa mstari, la sivyo asubuhi utakuta sentensi tatu zimepandana. Kama unalala ndani ya chandarua, daftari liwe ndani humo humo, chini ya mto. Likiwa mezani, utalazimika kuinuka, kuchomoa neti chini ya godoro na kunyoosha mkono. Ukifika, ndoto haipo na mbu yupo.

Sauti ya kurekodi ni ya haraka zaidi na haihitaji mwanga. Ina kasoro mbili. Mtu aliyelala nusu hunong'ona vitu visivyoeleweka, na zilizorekodiwa hazisikilizwi: zinajaa kumi, ishirini, halafu mradi unakufa. Inamfaa anayeandika polepole, au mama anayenyonyesha ambaye mkono mmoja una mtoto. Ukiichagua, jiwekee siku moja ya wiki ya kuzihamishia kwenye maandishi, na kila rekodi ianze kwa kutaja tarehe.

Kuandika kwenye simu ndiko kubaya kuliko vyote, si kwa sababu ya mwanga tu, bali kwa sababu ya ujumbe unaokusubiri. Ukilazimika, zima data kabla ya kulala na ushushe mwanga hadi mwisho.

Usiku usiandike sentensi kamili. Maneno sita yanatosha:

*Stendi Ubungo, basi la Moshi. Konda hana uso. Viatu vya shule. Bibi anachambua mchele. Mvua haina sauti. Wasiwasi.*

Asubuhi maneno hayo yatafunguka na kujaza nusu ukurasa. Usiku usio na kitu nao uandikwe: "sikumbuki, nimeamka na huzuni kidogo." Wiki ya kwanza kurasa nyingi huwa hivyo. Mara nyingi mambo huanza kubadilika katika wiki ya pili.

Baada ya wiki mbili, chukua kalamu nyekundu na uzungushie mambo yasiyowezekana au yanayojirudia. Katika mfano huo, bibi aliyefariki yuko hai, mvua haina sauti, na basi la Moshi linapakia Ubungo, Dar es Salaam, ilhali mabasi ya mikoani yalihamia Mbezi Luis mwaka 2021. Hizo ni alama zako, na ndizo zitakazokuamsha ndani ya ndoto. Hapa hatufasiri ndoto. Nyoka akitokea mara nne kwa mwezi, kwa kazi hii hana maana nyingine: ni alama.

Jambo la dawa lisipuuzwe. Pombe hubana REM nusu ya kwanza ya usiku kisha humwaga ndoto za ovyo alfajiri, pamoja na usingizi wa kukatika. Bangi hupunguza REM. Anayeiacha huota kwa nguvu kwa siku kadhaa au wiki. Dawa nyingi za sonona hupunguza REM pia. Upande wa pili, efavirenz, iliyotumiwa kwa miaka mingi katika dozi za ARV, na mefloquine ya kuzuia malaria hujulikana kwa kuleta ndoto kali. Usiache wala usibadilishe dawa yoyote kwa ajili ya ndoto. Ila ujue inapofanya kazi, usije ukaisifu njia kwa kazi ya kidonge.

Kengele ya usiku

Njia tatu zinazofuata zote hupata nguvu kwa kuamka katikati ya usingizi na kulala tena. Hesabu ni saa tano tangu ulipolala, si tangu ulipopanda kitandani. Aliyelala saa nne usiku ajiamshe saa tisa. Aliyelala saa sita usiku, saa kumi na moja. Chini ya saa nne na nusu unaangukia usingizi mzito, unaamka kama mlevi na kurudi kulala bila kumbukumbu ya chochote. Zaidi ya saa sita na nusu, wengi hawabakiwi na muda wa kutosha wa kuota. Ukirudi kulala, uwe na walau saa moja na nusu mbele yako.

Kengele iwe mtetemo chini ya mto, mlio mmoja, hasa kama chumba ni cha wengi. Asiyetaka kengele anywe glasi mbili za maji kabla ya kulala. Kibofu kitaamsha, ingawa hakijui saa kamili. Wanaoamka kwa swala ya alfajiri wana nafasi hii bila gharama yoyote: aliyelala saa tano usiku, akaamka saa kumi na moja, akaswali, na siku hiyo hana haraka ya kutoka, amekaa macho dakika kumi na tano hivi baada ya saa sita za usingizi. Kurudi kulala hapo ni wakati mzuri kuliko saa nyingi ambazo watu hujipangia.

Kukaa macho dakika tano hadi kumi kunatosha kwa wengi. Anayezama kama jiwe akae ishirini, aketi kitako, asome daftari lake la ndoto kwa taa hafifu. Usifanye hivi zaidi ya usiku mara mbili au tatu kwa wiki. Usingizi uliokatwa kila siku hulipwa mchana, na atakayeulipa anaweza kuwa abiria wako.

Nia

Hii ndiyo njia ya LaBerge, aliyoichapisha mwaka 1980, na waotaji huiita MILD. Inatumia uwezo ule ule unaokukumbusha kununua mkate ukipita dukani: kukumbuka jambo wakati wake ukifika. Mwenye uwezo huo dhaifu mchana hataupata usiku kwa muujiza. Kwa hiyo anza mchana, wiki nzima, kwa malengo matatu kila siku: "nikisikia honi ya bodaboda", "nikiona mtu amevaa njano", "nikishika kitasa". Kila lengo likitokea, mara ya kwanza tu, jiulize kama unaota. Jioni hesabu umekamata mangapi. Ukifika mawili au matatu kwa siku kadhaa mfululizo, uko tayari.

Usiku, baada ya kuamka, kumbuka ndoto uliyotoka nayo, mwanzo hadi mwisho. Chagua alama moja ndani yake. Lala katika ulalo wako wa kawaida, useme kimoyomoyo: "Safari hii nikiota, nitakumbuka kuwa naota." Papo hapo jione umerudi ndani ya ndoto ile: uko stendi ya Ubungo, konda anaita Moshi, Moshi, unamwona bibi barazani na ungo wake, unasimama, unasema "hii ni ndoto", kisha unafanya jambo moja ulilopanga, tuseme unainama na kugusa mchele ule kwa vidole. Rudia maneno na picha pamoja mpaka usingizi ukuchukue. Kila fikra ikikimbilia mikopo au kazi, irudishe bila kugombana nayo. Wazo la mwisho kabla ya kuzama ndilo linalobeba uzito.

Inaharibikia wapi? Kwanza, maneno kugeuka ya kukariri, kama mtoto anayeghani jedwali la kuzidisha huku akitazama nje ya dirisha. Picha lazima iende na maneno. Pili, kusema "nitajaribu" badala ya "nitakumbuka". Tatu, na hili ndilo kubwa, kukawia kulala. Denholm Aspy wa Adelaide, Australia, alichapisha mwaka 2017 utafiti wa watu 169: waliounganisha nia, kengele na vipimo vya mchana walifanikiwa katika asilimia 17 ya majaribio yao ndani ya wiki moja, na kati yao waliolala ndani ya dakika tano baada ya kumaliza zoezi walifika asilimia 46 ya majaribio yao. Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa swali letu la mwanzo.

Mizunguko ya hisi

Njia hii, SSILD, ilianzia kwa waotaji wa Kichina mtandaoni, si maabara. Haihitaji maneno, picha wala imani kwamba itafanikiwa. Baada ya kuamka, lala chali au vyovyote, ufumbe macho, na upeleke usikivu mahali patatu kwa zamu: giza lililo nyuma ya kope, sauti, ziwe za nje au mvumo wa masikio yenyewe, kisha mwili, yaani uzito wake, joto, mapigo, shuka kwenye mguu. Hiyo ni duru moja. Fanya duru nne hadi sita za haraka, sekunde mbili tatu kila hisi, kisha duru tatu hadi nne za polepole, sekunde 20 hadi 30 kila hisi. Maliza, geukia ulalo unaokupa raha, ulale bila kuwaza tena. Ukisahau umefika duru ya ngapi, usirudi mwanzo. Kusahau ni dalili kwamba usingizi uko karibu.

Kosa lake ni bidii. Watu hukodoa macho chini ya kope wakitafuta kuona kitu. Hakuna cha kuona. Unatazama tu giza kama mtu aliyeketi uani umeme umekatika. Mwenye bidii nyingi huamka kabisa.

Mwaka 2020 Aspy aliilinganisha na nia kwa watu 355, na zote mbili zikatoka karibu sawa, asilimia 16 na kitu hadi 17. Kwa hiyo usichague kwa takwimu, chagua kwa kichwa chako. Mtu wa maneno na picha, anayesimulia filamu kwa mikono, achukue nia. Mtu ambaye nia humwamsha kwa kuwaza sana achukue hisi. Kwa wengi wa aina hiyo duru zenyewe hugeuka bembea. Ila jiandae kwa tabia moja: njia hii hupenda kuleta kuamka kwa uongo. Unaota umeamka, umekaa kitandani, umeshika daftari. Kila ukiamka baada ya duru, ziba pua kwanza, kama tutakavyoona.

Kuingia ukiwa macho

WILD ni njia ya kutopoteza fahamu kabisa: mwili unalala, akili inabaki, na ndoto inajengeka mbele yako. Baada ya kengele, au katika usingizi wa mchana, lala tuli na uhesabu: moja, naota, mbili, naota. Picha zitaanza kupita, kwanza madoa, kisha nyuso, kisha mahali. Usizikimbilie. Zikitulia na kuwa na kina, ingia kama mtu anayevuka kizingiti.

Ndiyo njia inayopendwa na wanaosoma mengi, na ndiyo inayowashinda wengi. Ukishika fahamu sana hulali. Ukiilegeza kidogo tu unalala kweli. Pia hapa ndipo jinamizi hukaa. Ulegevu wa misuli wa REM ukija kabla fahamu haijaondoka, unajikuta umeganda, kifua kizito, pengine kuna mtu pembeni ya kitanda. Pwani na bara pana majina mengi ya mgeni huyo. Kimwili ni misuli iliyozimwa na ubongo ulioanza kuota macho yakiwa wazi. Huisha kwa sekunde au dakika chache. Pumua polepole, chezesha vidole vya miguu, usishindane na kifua. Kulala chali na kukosa usingizi huliongeza. Kwa anayeliogopa jinamizi, njia hii haifai, na hakuna sababu ya kujilazimisha wakati mbili za juu zipo. Kwa anayetembelewa na jinamizi mara kwa mara na halimtishi, mambo hugeuka: yuko mlangoni tayari.

Vipimo vya mchana

Paul Tholey wa Ujerumani ndiye aliyelea wazo la kujiuliza mchana kwa dhati, "naota au niko macho?", mpaka swali lijitokeze ndotoni. Peke yake ni njia ya polepole, na wengi hukata tamaa kabla haijazaa. Kama nyongeza, ni ya lazima, kwa sababu ndotoni utahitaji kuthibitisha.

Kipimo bora ni pua: funga mdomo, ziba pua kwa vidole, jaribu kuvuta pumzi. Ndotoni pumzi hupita. Kusoma maandishi, kuangalia pembeni na kusoma tena ni kizuri pia. Ndotoni herufi hubadilika. Kuhesabu vidole ni cha wastani. Kipimo kinachosifiwa sana Ulaya, cha kubonyeza swichi ya taa kuona kama itawaka, kwetu ni cha kuchekesha: swichi isiyowasha taa si habari. Ukikizoea, utaamini unaota kila umeme ukikatika, au utaona ndotoni kwamba taa haiwaki na ukasema "wamekata", ukaendelea kuota.

Mara kumi kwa siku zinatosha, mradi kila mara utilie shaka kweli na ujiulize umefikaje hapo ulipo. Kuziba pua huku ukifikiria chakula ni mazoezi ya vidole tu, na ndotoni utaziba vivyo hivyo, utapumua, na hutashangaa.

| | Nia | Hisi | Kuingia macho | Vipimo peke yake |
|---|---|---|---|---|
| Kengele ya usiku | Inasaidia sana | Lazima | Lazima, au usingizi wa mchana | Haihitajiki |
| Kumbukumbu ya ndoto | Lazima iwe nzuri | Ya kiasi | Ya kiasi | Nzuri |
| Anayefaa | Anayelala tena haraka | Anayewaza sana kitandani | Anayesinzia mchana, haogopi jinamizi | Mwenye usingizi mfupi au mwepesi |
| Muda wa kujaribu kabla ya kuhukumu | Usiku 8 hadi 10 | Usiku 8 hadi 10 | Majaribio 20 | Miezi miwili |
| Hitilafu ya kawaida | Kukariri bila maana | Bidii, kuamka kwa uongo | Kutolala kabisa | Mazoea bila shaka |

Hukumu yetu kwa mtu asiye na tatizo la usingizi: wiki tatu za daftari na malengo ya mchana, kisha nia kwa usiku kumi wenye kengele, mbili kwa wiki. Usipopata kitu, hamia hisi kwa idadi ile ile. Usichanganye nia na hisi usiku mmoja. Mizunguko hufuta picha, na picha huharibu utulivu wa mizunguko.

Mlinzi au muuguzi wa zamu ya usiku asifuate saa hizi. Mwili huelekea zaidi kwenye REM asubuhi, hivyo anayelala saa mbili asubuhi huanza kuota mapema kuliko anayelala usiku. Kwake, kengele ya saa tatu au nne tangu alale inatosha, na siku ya mapumziko tu.

Wa kukaa kando kabisa: mwenye kukosa usingizi kwa muda mrefu, mwenye kifafa, kwa kuwa usingizi uliokatwa unaweza kuchochea degedege, na aliyewahi kuugua maradhi ya akili yanayochanganya ya kweli na yasiyo ya kweli. Daftari pekee halina neno kwa wengi wao, lakini vipimo vya "hii ni ndoto?" na kengele waviache.

Vidonge na mashine

Galantamine ni dawa ya wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Utafiti wa LaBerge na wenzake wa mwaka 2018, kwa waotaji 121 waliokwisha kujifunza nia, uliona mafanikio ya asilimia 14 kwa kidonge kisicho na dawa, 27 kwa miligramu 4 na 42 kwa miligramu 8. Ni tofauti kubwa. Hata hivyo dawa hii huleta kichefuchefu, hukatisha usingizi, hupunguza mapigo ya moyo, na ni hatari kwa mwenye pumu, vidonda vya tumbo au hitilafu ya moyo. Bila daktari, hapana. Vitamini B6 kwa dozi kubwa huongeza kumbukumbu ya ndoto kwa baadhi ya watu, lakini ikitumiwa muda mrefu huharibu neva za mikono na miguu. Hakuna ndoto yenye thamani ya ganzi.

Barakoa zinazomulika taa macho yakianza kucheza zimekuwepo tangu LaBerge alipouza ya kwake miaka ya 1990. Taa huingia ndotoni kama radi au taa ya gari. Aliyejizoeza hutambua, asiyejizoeza huota radi, na mwenye usingizi mwepesi huamka. Fedha hiyo ni bora inunue pazia zito.

Siku ikitokea

Ndoto fahamu za kwanza hufa ndani ya sekunde chache kwa sababu ya furaha. Usiruke, usipige kelele. Sugua viganja vyako vya ndotoni, usikie joto lake, gusa ukuta, tazama kitu kimoja kwa ufupi, kisha kingine, kwani kukodolea kitu kimoja hukiyeyusha, na ndoto nzima hufuata. Picha ikianza kufifia, jizungushe kama mtoto anayecheza, huku ukisema unataka kubaki. Fanya lile jambo moja ulilolipanga, ule mchele wa bibi, kabla ya kutaka kuruka angani.

Ukiamka, tuli kwanza, macho yamefumbwa, kumbuka kinyumenyume. Kisha, kabla ya kugusa penseli, ziba pua na uvute pumzi. Ikipita, daftari unalotaka kuliandika bado ni la ndotoni.